Taarifa ya Saa Moja na Taarifa ya Saa Tatu

Mazungumzo ya walimu wa darasa la jioni la Mji wa Kale, Mombasa, mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujitegemea

  Wengine mmevuka Likoni alfajiri, wengine mmetoka Kilifi na Kwale kwa matatu, na twajua kuna waliolala kwa jamaa zao Majengo ili wawahi. Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya kazi tunayoifanya hapa Mji wa Kale kila wiki, yaani kuwafundisha watu wazima na vijana maneno mapya ya Kiingereza kwa kutumia taarifa ya habari na sinema.

Kwanza tuondoe shaka moja. Hatukuja kusema kwamba Kiswahili hakitoshi. Mtu akisema hivyo kwenye baraza za hapa, ataulizwa kwao ni wapi. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini zitazameni karatasi zinazotufikia mikononi. Fomu ya mkopo, barua ya hospitali, makaratasi ya shamba, mkataba wa binti anayekwenda kufanya kazi nchi za Ghuba, nyingi bado zaja kwa Kiingereza. Asiyeijua lugha hiyo hutia sahihi kwa kumwamini tu yule aliyemletea kalamu.

Tuwape mfano. Kuna mama mmoja, mwanachama wa kikundi cha wauza mahamri na viazi vya karai, aliyekuja darasani jioni moja na fomu ya mkopo. Mahali fulani pameandikwa "security". Neno hilo yeye alilijua, au alidhani alijua. Hulisikia kwenye taarifa kila siku likiwa na maana ya usalama, na askari wa mlangoni kwenye maduka makubwa huitwa vivyo hivyo. Akatuuliza, "Mwalimu, hawa wataka nini? Sisi nyumbani hatuna askari." Darasa zima likacheka, naye mwenyewe akacheka. Kumbe katika fomu ya mkopo neno hilo ni dhamana, yaani kile kitu chako watakachokichukua usipolipa. Na chini yake mtu aliyeileta fomu alikuwa ameshaandika kwa kalamu: friji, cherehani, na kitanda alichoachiwa na marehemu mama yake. Yeye aliambiwa ni orodha ya vyombo vya nyumbani tu. Bahati nzuri sahihi ilikuwa bado. Alirudi na fomu ile, akakifuta kitanda mbele yao, akawaambia friji na cherehani zatosha kwa mkopo wa kiasi kile. Wakakubali.

Basi tusemapo kujifunza maneno, haya ndiyo tunayoyafikiria. Hatufundishi mtu aongee kwa pua.

Sasa, kwa nini taarifa ya habari? Kwa sababu nchi yetu ina bahati moja ambayo wengi hatuioni. Kwa miaka mingi vituo vya televisheni vya Kenya vimesoma taarifa kuu ya Kiswahili saa moja jioni, na ya Kiingereza saa tatu usiku. Habari ni zilezile kwa sehemu kubwa, na mara nyingi hata picha ni zilezile. Mtu aliyesikiliza ya saa moja anaijua tayari habari ya saa tatu. Hahangaiki kutaka kujua nani kafanya nini na wapi. Kazi iliyombakia ni kuyatambua maneno tu.

Hilo ni jambo kubwa. Mtu mzima akisikiliza kitu asichokijua kwa lugha asiyoijua, hubeba mizigo miwili, na pale Marikiti hata hamali hakubali mizigo miwili kwa nauli moja.

Twafanya hivi. Saa moja kila mtu anasikiliza kwao, kwa kuwa ni wakati wa baina ya magharibi na isha, na nyumba nyingi za hapa watu wako ndani. Saa mbili u nusu tunakutana. Hatuanzi na Kiingereza. Twawauliza watu watueleze kwa Kiswahili yaliyosemwa. Mmoja atasema kuna foleni ya malori bandarini, mwingine bei ya unga, mwingine feri imeharibika tena. Habari tatu twaziandika ubaoni. Kisha twauliza: "Mnafikiri saa tatu mtasikia maneno gani?" Hapo ndipo watu huchangamka, kwa sababu ni kama kucheza bao, kila mtu akihesabu kete zake. Aliyefika darasa la nne tu atasema "ship". Mwingine atasema "container", na wote watagundua kwamba neno hilo wamekuwa nalo miaka yote. Tukikosa, hatusemi jibu.

Saa tatu ikifika twasikiliza vichwa vya habari na ile habari ya kwanza peke yake. Halafu twazima. Kuzima ndiko kugumu kuliko yote, maana vijana wataka wafike kwenye michezo. Lakini taarifa nzima ni mafuriko ya maneno, na maji ya mafuriko hayanywewi. Twachukua maneno matano. Si sita. Matano yanaandikwa daftarini, kila moja pamoja na sentensi nzima lilimosikika, kwa sababu neno likiandikwa peke yake na maana yake pembeni hukaa kama mgeni aliyeachwa ukumbini bila mtu wa kuzungumza naye.

Msio na televisheni, au mlio na umeme wa kubahatisha, msivunjike moyo. Gazeti lafanya kazi hiyohiyo, tena halimkimbii mtu. Taifa Leo na Daily Nation hutoka katika kampuni moja, na jambo kubwa likitokea utalikuta katika yote mawili. Nunueni moja moja kwa siku ileile, hata yawe ya wiki iliyopita, hata yale ya kufungia maandazi mradi hayajaingia mafuta. Soma ya Kiswahili kwanza mpaka mtu aweze kuisimulia. Kisha fungua ya Kiingereza na kalamu mkononi, upigie mstari kila neno unaloliona lafanana na jambo unalolijua. Majina ya watu na mahali yatakuwa ni nguzo za kushikia. Na wenye redio peke yake wanaweza kusikiliza Kiswahili kwenye Pwani FM au Radio Rahma, kisha watafute idhaa yenye taarifa ya Kiingereza.

Tahadhari moja juu ya vichwa vya magazeti ya Kiingereza: vina lugha yao. Waandishi hupenda maneno mafupi yaingie katika nafasi ndogo. Ukisoma kwamba wabunge wata-"grill" waziri, usidhani anawekwa juu ya makaa kama mishikaki. Atahojiwa kwa ukali tu. Mwanafunzi wetu mmoja, fundi wa kuchonga milango, alisema afadhali mishikaki, kwani hiyo huisha. Wanaoanza waache vichwa vya habari, waanze na aya ya kwanza ambako mambo husemwa kwa sentensi kamili.

Wazo la kuwapa wanafunzi habari kwa kipimo si letu. Mwaka 1959 idhaa ya Sauti ya Marekani ilianzisha matangazo ya Kiingereza chepesi kwa ajili ya wasikilizaji wa nchi nyingine. Walijiwekea mpaka wa maneno kama 1,500, sentensi fupi, na msomaji alisoma polepole. Habari zenyewe zilikuwa za kweli, za vita, za mavuno na za safari za mwezini. Nyinyi katika vikundi vyenu mwaweza kufanya vilevile. Kijana aliyemaliza kidato cha nne achukue habari ya gazeti, aiandike upya kwa sentensi sita nyepesi, aisome mbele ya wenziwe bila haraka. Kwanza yeye mwenyewe atajifunza zaidi ya anaowafundisha.

Hebu sasa tuingie ndani kidogo, maana hapa ndipo watu wengi hukwama. Chukueni neno "charge". Kila mtu hapa alijua, kwa sababu kila mwenye simu hu-chaji. Haya. Kwenye taarifa ya saa tatu wakasema mtu fulani "was charged" mahakamani Shanzu. Mzee mmoja darasani akashangaa, mtu anachajiwa vipi? Pale neno ni kushtakiwa. Wiki ileile mama mmoja akaleta karatasi ya hospitali yenye "charges", akaogopa sana akidhani ameshtakiwa. Kumbe ni malipo tu, ingawa tukiyatazama yale malipo naye hakuwa na makosa ya kuogopa. Kisha vijana wakatuambia katika sinema ya vita jemadari hupaza sauti "Charge!" na askari wote hukimbia mbele, yaani shambulieni. Na msimamizi wa zamu ya wauguzi ni "in charge". Neno moja, milango mitano.

Hatukuwapa milango yote siku moja. Tulichora nyumba ubaoni, tukaandika neno juu ya paa, na kila lilipokutwa upya tukaongeza mlango. Nyumba ile ilikaa ubaoni karibu miezi miwili, na hakuna aliyeruhusiwa kuifuta. Hivyo ndivyo tunavyolitazama neno: halijulikani kwa kukutwa mara moja. Lakutwa kwenye taarifa, lakutwa tena kwenye sinema, halafu lakutwa kwenye karatasi yako mwenyewe, na hapo ndipo linakuwa lako. Yule mama wa fomu ya mkopo alikuwa na mlango mmoja tu wa neno lile.

Tuje kwenye sinema. Mji huu na sinema wana historia ndefu. Wazee wetu wanakumbuka foleni za Regal na Majestic, na siku ambazo mabibi walitoka na mabuibui yao kwenda kutazama filamu za Kihindi na kurudi wakifuta machozi. Nyimbo zile ziliingia mpaka katika taarab. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijulikana pwani nzima kwa kuimba Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba watu wa kawaida hawawezi kuokota lugha kutoka kwenye sinema, twamwambia aende akawasikilize bibi zetu wakiimba jikoni.

Lakini tuseme kweli yote. Bibi huyohuyo anayeimba wimbo mzima wa Kihindi, ukimwuliza neno la tatu maana yake nini, atakwambia, "Hayo ni mambo ya mapenzi tu, mwanangu." Masikio yamejaa, maana haikuingia. Na vijana wetu leo hutazama sinema za Marekani usiku kucha wakatoka na maneno kumi, nane katika hayo hayasemeki mbele ya mzazi. Kijana mmoja anayetembeza wageni alimpokea mama wa miaka kama sabini kwa maneno aliyoyasikia kwenye sinema ya majambazi. Alidhani anakaribisha. Mgeni akageuka akaenda kwa mwingine.

Kuna pia filamu zinazosimuliwa kwa Kiswahili. Tanzania walikuwa na Lufufu, na hapa kwetu DJ Afro amejipatia jina kwa kazi hiyo. Sauti yake hupita juu ya waigizaji, anatafsiri, anatania, anaongeza chumvi. Walimu wengine huzidharau. Sisi hatuzidharau hata kidogo. Kwa Kiingereza hazikufundishi neno, hilo ni kweli. Lakini zinakupa kisa, na kisa ndicho taarifa ya saa moja ya sinema. Kijana akishaiona filamu kwa sauti ya DJ Afro, mpe ileile bila msimulizi. Atakaa akisubiri sehemu anazozijua, na masikio yatakuwa wazi.

Filamu nzima ni nyingi mno kwa darasa moja. Mwaka 2009 wataalamu wawili, Stuart Webb na Michael Rodgers, walichapisha uchunguzi wa filamu 318. Waliona kwamba mtu anayejua jamii 3,000 za maneno ya kawaida ya Kiingereza, pamoja na majina ya watu na mahali, ataelewa kama maneno 95 katika kila 100. Jamii moja ni kama "work", "worker" na "working", zahesabiwa pamoja. Sasa fikirini, 3,000, na hata hapo matano katika kila mia yatampita. Wanafunzi wetu wengi wana mia chache. Ndiyo maana twakata kipande cha dakika tatu au nne.

Kipande hicho twakitazama kwanza bila sauti. Watu wanasema kwa Kiswahili wanachokiona: huyu amekasirika, yule anaomba msamaha. Mara ya pili kwa sauti, na maandishi ya Kiingereza chini ya picha kama yapo. Hapo twachukua maneno yetu matano. Mara ya tatu kwa sauti bila maandishi. Halafu, na hili ndilo walipendalo, wawili wawili wanasimama na kuigiza. Mvuvi wetu mmoja, mtu mkimya sana, huigiza waziwazi kuliko vijana wote.

Mtauliza, filamu gani? Chagueni ambayo mtu hataona haya kutazama na mkwewe. Sisi tumeitumia sana The First Grader ya mwaka 2010, kisa cha Kimani Maruge, mzee aliyeingia darasa la kwanza karibu na Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya elimu ya msingi kufanywa bure mwaka uliotangulia. Mwaka 2005 alisafiri mpaka New York kuzungumza Umoja wa Mataifa kuhusu elimu. Wanafunzi wetu wenye mvi hawahitaji hotuba nyingine baada ya kuiona. Nyingine ni Supa Modo ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina, juu ya mtoto mgonjwa na kijiji kinachoungana kumtimizia ndoto yake. Humo wanazungumza Kiswahili pia, na maandishi ya Kiingereza yanapita chini, kwa hiyo sikio lashika Kiswahili na jicho lasoma Kiingereza. Kwa wanaoanza hiyo ni afadhali kuliko filamu yoyote ya Hollywood.

Ya Hollywood tuliyofurahi nayo ni moja, Inception ya mwaka 2010, kwa sababu inasema wako Mombasa. Darasa zima lilikodoa macho kutafuta Ndia Kuu. Hawakuiona, wala Fort Jesus hawakuiona, kwani sehemu ile ilipigwa picha Tangier, Morocco. Wakabishana saa nzima, na ubishi ule, bila sisi kuwaambia, ulikuwa nusu kwa Kiingereza: "That is not our street!" Hatujawahi kupata sentensi nzuri kama ile kwa kutumia kitabu.

Sasa juu ya kulirudisha neno nyumbani. Maneno matano ya jioni moja, kila mwanafunzi huyatungia sentensi ya kikundi chake. Kama taarifa ilisema "interest", muuza samaki hatungi sentensi juu ya benki kuu. Atunge juu ya riba ya mkopo wa boti. Kisha neno hurudi: kesho yake, wiki ifuatayo, mwezi ujao. Twayaandika katika vipande vya karatasi, twavitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga, na kabla ya taarifa kila mtu huchomoa kimoja. Akikosa, karatasi yarudi mkebeni. Akipata mara tatu katika siku tofauti, anaichukua kwenda nayo nyumbani. Kuna mama ana bahasha nzima kabatini.

Na karatasi zenu za kikundi zileteni. Cheti cha kusajiliwa, barua ya benki, mkataba wa mnunuzi wa korosho. Fichani majina na nambari, halafu tafuteni humo maneno mliyoyapata kwenye taarifa. Mtashangaa yalivyo mengi. Ila kama ni karatasi ya kutia sahihi, darasa si wakili. Kazi ya darasa ni kukufanya ujue swali la kuuliza kabla hujatia sahihi.

Gharama si kubwa. Ubao, chaki, redio au simu moja yenye kipaza sauti, na kamusi moja ya kikundi. Ile ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa na TUKI mwaka 1996 bado yatufaa. Mwalimu tunamchangia nauli na chai. Mkiwa na kijana aliyemaliza shule na anakaa bure, mnaye mwalimu tayari, mradi asiwacheke wakubwa. Akicheka mara mbili, mtafuteni mwingine, maana mtu mzima akiaibishwa mbele ya wenziwe harudi tena.

Tumeulizwa asubuhi hapa mlangoni, je, asiyejua kusoma kabisa? Yeye aketi karibu na asomaye. Taarifa ni sauti na sinema ni picha, kwa hiyo robo tatu ya kazi ataifanya sawa na wengine. Wakati wa kuandika sentensi, yeye aitamke na jirani aiandike. Tunaye mmoja ambaye baada ya miezi alianza kuomba aandike mwenyewe, akaanza na herufi za jina lake, kwa Kiswahili, kama ipasavyo.

Mezani hapo nje kuna mkebe wetu na daftari mbili za wanafunzi, mzitazame lakini tafadhali msiondoke nazo. Tuanze na maswali ya wajumbe wa Lunga Lunga, kwa sababu gari lao laondoka saa tisa na bado wana feri ya kuvuka.